Umoja kwa Gharama ya Nani? Kuisoma Upya Tamthilia ya Kinjeketile mbele ya Umoja wa Ujerumani wa 1871

1. Utangulizi

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, na tangu wakati huo vizazi kadhaa vya wanafunzi wetu vimeisoma mashuleni. Mara nyingi husomwa kama tamthilia ya ukombozi: watu walioonewa wanapata kiongozi, wanaungana, wanapigana, wanashindwa, lakini mbegu ya taifa inakuwa imepandwa. Usomaji huo si wa makosa. Hata hivyo unaliacha pembeni swali ambalo sisi tunaopanda mimbarani kila Jumapili hatuna budi kuliuliza. Je, kunatokea nini pale umoja wa watu unapojengwa juu ya neno linalodaiwa kuwa limetoka kwa Mungu? Na neno hilo likionekana kuwa si kweli, ni nani anayepaswa kulikana, na mbele ya nani?

Makala hii inakusudia kuisoma tamthilia hiyo pamoja na jambo ambalo wasomaji wake hawalitaji mara kwa mara, yaani umoja wa Ujerumani yenyewe. Dola iliyomnyonga Kinjeketile Ngwale kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 haikuwa dola ya kale. Ilikuwa na umri wa miaka 34 tu. Nayo iliunganishwa kwa vita, nayo ilitangazwa kwa ibada. Na kwa kuwa Injili katika mapokeo yetu ya Kilutheri iliingia nchini humu kwa mikono ya watu waliolelewa ndani ya umoja huo, shauri hili linatuhusu sisi kabla ya kuwahusu wanahistoria.

2. Umoja uliotangazwa Versailles

Baada ya mwaka 1815 Wajerumani walikaa katika dola zipatazo 39, kubwa kwa ndogo, zilizofungamana kwa mkataba dhaifu. Hamu ya kuwa taifa moja ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa na watetezi wengi waliotaka ipatikane kwa bunge na katiba. Jaribio lao la mwaka 1848 na 1849 lilishindwa. Kilichoshindwa kupatikana kwa kura kilipatikana kwa mizinga. Chini ya uongozi wa Bismarck, Prussia ilipigana na Denmark mwaka 1864, ikapigana na Austria mwaka 1866, kisha ikapigana na Ufaransa mwaka 1870 hadi 1871. Tarehe 18 Januari 1871, vita vikiwa bado havijamalizika, mfalme wa Prussia alitangazwa Kaisari katika Ukumbi wa Vioo wa jumba la Versailles, ndani ya nchi ya adui aliyeshindwa.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika tukio hilo. La kwanza ni kwamba lilitanguliwa na ibada. Madhabahu iliandaliwa ukumbini, na mhubiri wa jeshi, Bernhard Rogge, akahubiri mbele ya wakuu na maofisa. Mfalme aliyekuwa akivikwa cheo hicho kipya alikuwa pia mkuu wa kanisa la Kiprotestanti katika Prussia, na askari wake walivaa mikanda yenye bamba lililodai kwamba Mungu yu pamoja nao. La pili ni kwamba umoja huo, kama umoja wowote uliochongwa kwa upanga, uliwaacha nje watu waliotaka kuingia na ukawaingiza ndani watu ambao hawakuulizwa. Wajerumani wa Austria walibaki nje. Wapolandi, Wadenmark wa Schleswig, na watu wa Alsace wakawa ndani. Wakatoliki nao, muda si muda, walianza kusongwa na sheria za serikali hiyo hiyo mpya.

Taifa lililoudhika sana kwa mipaka iliyowagawa watu wake halikusita kuchora mipaka juu ya watu wengine. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na siku iliyofuata Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters. Kwa mapatano ya mwaka 1886 na Waingereza, mstari ulivutwa kutoka mlango wa mto Umba hadi pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria, kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Msomaji wa mkoa wa Mara hahitaji ramani kuufahamu mstari huo. Ndio unaowagawa Wakuria, ndugu kwa ndugu, na Wajaluo vivyo hivyo. Aliyesimama Kisorya na kutazama ng'ambo ya mlango wa maji, anaiona Ukerewe, ambako mtemi Lukonge aliondolewa madarakani na Wajerumani mwaka 1895. Miaka 21 baadaye, mwezi Juni 1916, Waingereza walikiteka kisiwa hicho hicho katika vita ambavyo Wakerewe na Wajita hawakuvianzisha. Hivyo historia ya umoja wa Ujerumani si habari ya mbali kwetu. Ilishuka hadi ufukweni mwa ziwa letu, ikaamua nani awe mtemi na nani awe mgeni.

Misheni nayo ilizaliwa katika hali hiyo. Shirika la Kiinjili la misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani liliundwa Berlin mwaka 1886 katika duara la watu wa koloni, Peters akiwa miongoni mwao, na mmisionari wake wa kwanza, Johann Jakob Greiner, alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Haki yatutaka tuongeze kwamba si kila mmisionari alikuwa mtumishi wa bendera. Wapo waliojifunza lugha zetu kwa upendo, wakaandika kamusi na kutafsiri Maandiko, wakagombana na maofisa kwa ajili ya watu wao. Lakini mwezi Septemba 1905, kituo cha Yakobi cha Misheni ya Berlin katika Ubena kiliposhambuliwa, mmisionari Gröschel alikilinda kwa bunduki. Sitaki kumhukumu mtu aliyekuwa akiilinda nyumba yake. Nasema tu kwamba siku ile wapiganaji hawakuweza kuona tofauti kati ya msalaba na boma, na kosa la kutoonekana kwa tofauti hiyo halikuwa lao peke yao.

3. Umoja wa maji

Sasa tuigeukie tamthilia. Hussein anatuonyesha Wamatumbi na jirani zao wakiwa chini ya kazi ya shokoa katika mashamba ya pamba, kodi, na viboko. Wanajua kwamba wanaonewa. Wanajua pia kwamba kila kabila likiinuka peke yake litavunjwa peke yake. Wanachokosa ni kitu cha kuwafunga pamoja. Kinjeketile anavutwa ndani ya maji, na anapotoka anatoka na neno la Hongo: watu wawe kitu kimoja, na maji yatawakinga na risasi.

Ustadi wa mwandishi uko katika jambo linalofuata. Katika utabiri ule ule mna maneno kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watatoka mkono wa bwana mmoja waingie mkono wa mwingine. Kinjeketile anapoyatafakari maneno yake mwenyewe anashtuka. Anaanza kuona kwamba neno lililowaunganisha watu huenda si zima. Lakini watu wamekwisha kuungana. Wamatumbi, Wangindo na wengine, ambao jana walishukiana, leo wanafanya mazoezi pamoja chini ya Kitunda. Je, aseme? Akisema, umoja utavunjika na Mjerumani atabaki. Akinyamaza, wataenda vitani wakitegemea maji. Anachagua njia ya katikati: anaomba wangoje. Kungoja kunawachosha watu, na vita vinaanza bila ruhusa yake. Kuanzia hapo Kinjeketile anatambua kwamba neno alilolitangaza halimtii tena.

Katika fasihi yetu ya Kiswahili sijui mahali pengine ambapo taabu ya mhubiri imeonyeshwa kwa ukali namna hii. Hussein aliweza kumfanya Kinjeketile kuwa mlaghai, nasi tungemdharau tukalala usingizi. Aliweza kumfanya nabii mkamilifu, nasi tungempongeza tukalala vilevile. Badala yake amemfanya mtu mkweli aliyesema zaidi ya alichokijua. Hilo ndilo jaribu letu hasa. Ni wachache kati yetu wanaodanganya mimbarani kwa makusudi. Ila ni nani kati yetu asiyewahi kuwaahidi waombolezaji, au wapiga kura, au wazazi wa mtoto mgonjwa, ahadi ambayo Mungu hakuitoa?

Tukiuweka umoja wa maji kando ya umoja wa Versailles, kufanana kwake kunaogofya. Pote pawili palikuwa na watu waliogawanyika na wenye hamu ya haki ya kuwa wamoja. Pote pawili dini ilitumika kama gundi. Lakini tofauti nayo ni kubwa, na mhakiki asiyeiona amepotea. Watu wa Ngarambe waliungana ili waondokane na kuonewa. Hawakuwa na mizinga, walikuwa na maji na mtama. Prussia ilikuwa na mizinga kwanza, kisha ikamwita mhubiri. Kinjeketile alilitilia shaka neno lake kabla ya vita kuisha. Mhubiri wa Versailles, kwa kadiri historia inavyoonyesha, hakuwa na sababu ya kutilia shaka chochote, maana upande wake ulikuwa umeshinda. Ushindi ni mwalimu mbaya wa theolojia. Aliyeshindwa hulazimika kuuliza kama Mungu alikuwa pamoja naye; mshindi huona kwamba swali limekwisha kujibiwa.

4. Kinywa kilichokataa kukana

Tamthilia inaishia gerezani. Kinjeketile anaambiwa kwamba ataokoka kama atasema maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wasomaji wengi wamekuona kukataa huko kuwa ushujaa mtupu, na wengine, hasa Wakristo, wamenung'unika: je, huyu hafi kwa ajili ya jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini tena?

Manung'uniko hayo yana uzito. Katika Yeremia 28 twasoma habari za Hanania, aliyewatabiria watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa upesi. Lilikuwa neno tamu la kizalendo, na hata Yeremia alisema Amina akitamani liwe hivyo. Lakini lilikuwa neno ambalo Bwana hakulituma, na likawafanya watu watumainie uongo. Kwa kipimo hicho, maji ya Ngarambe hayawezi kuponyoka. Watu walikwenda mbele ya bunduki za mtombo wakiwa wamepakwa maji, nao wakafa.

Lakini tuangalie ni nani anayedai kukana huko. Si mama aliyefiwa. Si mzee wa Kimatumbi anayetaka kujua ukweli ili ajue namna ya kuzika. Ni ofisa mwenye kamba mkononi. Naye hatafuti ukweli juu ya maji. Anatafuta kuwafundisha watoto wa nchi hii kwamba babu zao walikosea kutaka uhuru. Katika kinywa cha Kinjeketile siku ile, sentensi moja ingebeba mambo mawili, moja la kweli na moja la uongo: kwamba maji hayazuii risasi, na kwamba kuonewa ni halali. Hakuwa na njia ya kusema la kwanza bila kulipa la pili nguvu. Kwa hiyo nasema kwamba kunyamaza kwake mbele ya mshindi hakumhesabii uongo. Toba inayodaiwa na mwenye kamba si toba. Ni hongo ya kununulia uhai.

Hata hivyo deni lilibaki. Kinjeketile hakuwa na deni kwa Mjerumani, bali alikuwa na deni kwa watu wake, na wakati wa kulilipa ulikuwa kabla ya vita, alipokuwa bado na sauti. Tamthilia inalijua hilo. Ndiyo maana shaka yake anaificha kwa wengi. Hapo ndipo msiba wake ulipo hasa. Anakufa vema kuliko alivyoongoza.

5. Kasoro ya tamthilia

Pamoja na sifa hizo, kazi hii ina upungufu mmoja ambao wahakiki hawajautilia mkazo wa kutosha. Tamthilia inafunguliwa kwa mazungumzo ya wanawake, nayo ni mazungumzo ya njaa: wanaume wako mashambani mwa Mjerumani, na nyumbani hakuna chakula. Ni mwanzo ulio bora sana. Kisha wanawake hao wanasogezwa pembeni, na wanaume wanashika jukwaa hadi mwisho. Njaa iliyofungua mlango hairudi kuufunga.

Katika historia ilirudi, tena kwa namna ya kutisha. Vita vya Maji Maji havikumalizwa kwa bunduki tu. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, yakaharibu mashamba na maghala, kwa kuwa maofisa walikwisha kuona kwamba njaa itafanya kazi ambayo risasi haziwezi. Serikali ya koloni ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Kusini, aliona kwamba idadi hiyo ni ndogo mno, na makadirio ya baadaye yanafika 250,000 hadi 300,000. Wengi wa hao hawakushika mkuki. Walikuwa wanawake, wazee na watoto waliochimba mizizi porini hadi wakaishiwa nguvu.

Kwa kuishia gerezani, Hussein anaufanya mwisho wa vita kuwa uamuzi wa dhamiri ya mwanamume mmoja. Swali lake linakuwa: je, Kinjeketile atakana? Mama wa kwanza katika onyesho la kwanza angeuliza vingine: je, watoto watakula? Si haki kumdai mwandishi tamthilia ambayo hakuiandika. Ila ni haki kusema kwamba umoja wowote, wa Ngarambe au wa Versailles, hupimwa vizuri zaidi jikoni kuliko gerezani au ikuluni. Palipo na chungu kitupu ndipo gharama yake inapoonekana.

6. Kanisa na neno la umoja

Yaliyofuata huko Ujerumani yanatupa somo ambalo Kinjeketile hakupewa muda wa kulipata. Mwaka 1914 wasomi 93, miongoni mwao mwanatheolojia mashuhuri Adolf von Harnack, walitia sahihi tamko la kutetea vita vya taifa lao. Kijana mmoja mchungaji kule Uswisi, Karl Barth, aliona majina ya walimu wake humo na imani yake katika theolojia yao ikatikisika. Dola ya 1871 ikaanguka mwaka 1918. Mwaka 1933 umoja ulihubiriwa tena, safari hii kwa Kanisa lenyewe: makanisa 28 ya majimbo yaunganishwe yawe kanisa moja la dola, chini ya askofu mmoja, Ludwig Müller, aliyeungwa mkono na Hitler. Nani angepinga umoja wa Kanisa? Wapo waliopinga. Mwezi Mei 1934, kule Barmen, walikiri kwamba Kanisa halina neno lingine la kusikiliza na kutii ila Yesu Kristo. Yatupasa tukumbuke kwa unyenyekevu kwamba Walutheri mashuhuri, Paul Althaus na Werner Elert wa Erlangen, walilipinga tamko hilo kwa kulitumia fundisho letu la falme mbili, kana kwamba Luther alifundisha kuwa ufalme wa kidunia haupaswi kuulizwa neno.

Mwezi Oktoba 1945, kule Stuttgart, viongozi wa Kanisa la Kiinjili walikiri hatia. Walikuwa wameshindwa vita, na wapo waliosema kwamba wanawapigia magoti washindi. Tatizo ni lile lile la Kinjeketile: namna ya kusema kweli wakati adui yuko mlangoni akisikiliza. Wao walisema. Na nchi ilipogawanyika, Hussein mwenyewe alikwenda kusoma Berlin ya Mashariki katika miaka ya 1970. Umoja uliporudi, haukuja kwa mizinga. Katika mji wa Leipzig, uliotuletea wamisionari wa Kilimanjaro mwaka 1893, watu walikusanyika kwa maombi ya amani katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, na tarehe 9 Oktoba 1989 wapatao 70,000 waliandamana bila silaha. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani ikawa moja tena.

Na tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, mahali ambapo mashujaa 67 walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Ilichukua zaidi ya miaka 117. Lakini tuone jinsi mambo yalivyogeuka: aliyedai neno la kukana gerezani ndiye mwishowe aliyetakiwa kulisema.

7. Hitimisho

Nchi yetu ilikuja kuungana kwa njia nyingine. Mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliwakumbuka waliopigana katika Maji Maji, lakini hakuahidi maji. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulipatikana bila vita. Hiyo ni neema, na neema haitupi ruhusa ya kulala. Umoja ni neno linalopendwa nchini kwetu, na kwa sababu hiyo wachungaji huitwa mara kwa mara kuliombea: penye mkutano wa hadhara, penye mapatano ya koo, penye mgogoro wa usharika ambao wakubwa wanataka unyamazishwe kabla haujasikilizwa. Katika mkoa wenye Wajita, Wakuria, Wazanaki, Wajaluo, Wakerewe na wengine wengi, mchungaji atakayekataa kuuombea umoja atakuwa amekosa. Mchungaji atakayeuombea bila kuuliza nani hakualikwa, na nyumba ya nani imelala njaa kwa ajili yake, naye atakuwa amekosa zaidi.

Waefeso 2 inafundisha kwamba ukuta wa kati ulibomolewa, na anayetajwa kuulipia si jirani aliyeshindwa bali ni Kristo katika mwili wake. Umoja wa namna hiyo hauogopi kuulizwa maswali. Kinjeketile aliogopa kwamba kweli itawatawanya watu wake, nasi twaweza kumhurumia, kwa maana alikuwa peke yake na adui alikuwa karibu. Sisi hatuko peke yetu. Mhubiri aliyesema zaidi ya alichokijua anao usharika, anao wazee wa Kanisa, anayo Jumapili ijayo. Na aitumie mapema, kabla watu hawajashika mikuki.